Nani hulima bustani ya angani?

Wengi huamini kwamba mboga katika Kituo cha Kimataifa cha Anga hukuzwa na mashine, na kwamba kazi ya mwanaanga ni kuvuna tu. Sivyo. Katika kitalu kiitwacho Veggie, kilichofikishwa huko mwaka 2014, mbegu hukaa ndani ya vifuko vyenye chembe za udongo uliochomwa na mbolea, na mwanaanga ndiye anayetia maji kwa mkono wake. Kazi hiyo inahitaji uangalifu mkubwa, kwa kuwa mahali ambapo vitu havina uzito maji hayashuki chini, bali hung'ang'ania mizizi na kuinyima hewa.

Dhana nyingine, ambayo naiona nzito zaidi, ni kwamba ratiba iliyopangwa na wataalamu walioko duniani inatosha. Mwezi Desemba 2015 maua ya zinia yalipata unyevu kupita kiasi hadi yakaota kuvu, na feni ilipoongezwa kasi ili kuyakausha, yakaanza kunyauka. Siku ya tarehe 24 Scott Kelly, mwanaanga aliyekuwa kituoni, aliarifu kwamba yalihitaji maji, akajibiwa kuwa zamu ya kumwagilia ni tarehe 27. Alisema kwamba kama binadamu wanakwenda Mirihi, wao wenyewe ndio watakaoamua mmea unywe lini. Wataalamu walikubali, wakampa mwongozo wa ukurasa mmoja, na ingawa baadhi ya miche ilikufa, Januari 2016 ua lilichanua. Jicho la mtu aliye karibu na mmea liliona kile ambacho ratiba haikuweza kukiona.

Wapo pia wanaodhani kwamba vifaa vya kisasa zaidi vimeiondoa kazi ya mkono. Kitalu kikubwa zaidi kituoni humo kina vihisio, yaani vifaa vya kupima hali ya mazingira, zaidi ya 180, lakini pilipili zilipopandwa ndani yake mwaka 2021, wanaanga bado walisaidia kuchavusha maua kwa mikono.

Saa ndizo zinazoadimika kuliko vyote. Mwaka 2018 huko Antaktika, katika EDEN ISS, kitalu cha kujaribia kilimo cha angani chenye eneo la kilimo la mita za mraba 12.5, mtafiti Paul Zabel alivuna kilo 268 za mboga kwa muda wa miezi tisa na nusu, lakini kazi hiyo ilimchukua takriban saa tatu hadi nne kila siku. Mwanaanga, ambaye pia ana matengenezo, majaribio na mazoezi ya mwili ya kila siku, hana saa kama hizo za kutoa.