Mtoto anapenda treni? Mkatie kamba tatu

Mpwa wangu ana miaka sita na ugonjwa ambao wazazi wengi mnaujua: treni. Viti vya sebuleni ni mabehewa, kifuniko cha sufuria ni usukani, na bibi yake hapiti koridoni bila kukatiwa tiketi. Kwa kuwa mimi ni fundi wa njia, dada yangu aliona mzigo huu ni wa kwangu. "Kaka, huyu ni wako. Mtoe Jumamosi nipumue." Sikujisumbua kumweleza kwamba fundi wa njia hashughuliki na treni zenyewe. Sisi kazi yetu ni reli, mataruma (yale yanayolala chini ya reli kuzishikilia) na kokoto, vitu ambavyo abiria havioni na akivikumbuka ujue kuna jambo limeharibika.

Mara ya kwanza nilikosea vibaya. Nilidhani mtoto anayependa treni anataka safari ndefu, nikamkatia tiketi ya SGR, ile reli mpya ya treni za umeme, ya kwenda Dodoma, kilomita 444. Tulipopita Soga, kilomita kama 50 tu kutoka Dar es Salaam, alikuwa ameshanilalia begani. Aliamka watu wanashusha mabegi. Nimemlipia mtu nauli akalale! Tuliporudi nyumbani, alichomsimulia mama yake hakikuwa madaraja wala mahandaki ya upande wa Kilosa, maana hakuviona. Alisimulia zile dakika chache tulizosimama jukwaani kabla ya kupanda: mkono wa chuma juu ya paa unaogusa waya, milango inayojifunga yenyewe, na dereva aliyempungia mkono.

Tangu siku hiyo tunatembea kwa namna nyingine. Tunatazama zaidi kuliko tunavyopanda, na tunatoka nyumbani tukiwa na kamba.

Hizo kamba ndizo nataka kuzieleza. Dar es Salaam ina reli za vipimo vitatu, na watu wanapishana nazo kila siku bila kujua. Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1000, mita moja kamili. TAZARA, reli ya kwenda Zambia, ina milimita 1067. SGR ina milimita 1435. Upana huu hupimwa ndani kwa ndani, kutoka ubavu wa ndani wa reli moja hadi ubavu wa ndani wa reli nyingine, kwa sababu hapo ndipo magurudumu yanapochezea.

Kata kamba tatu za vipimo hivyo, kila moja rangi yake. Mafundi wenzangu watanicheka, maana njia haipimwi kwa kamba inayovutika, inapimwa kwa chuma maalumu. Lakini hatukagui njia hapa. Mlaze mtoto sakafuni, mpangie kamba zote tatu pembeni yake. Mpwa wangu aligundua mwenyewe kwamba yeye ni mrefu kuliko Reli ya Kati na TAZARA, ila SGR inamshinda. Kila baada ya miezi kadhaa tunampima tena, na siku atakayoipita SGR nyumba nzima haitalala.

Swali likaja, na nililitarajia: "Mjomba, kwa nini treni ya TAZARA isihamie tu kwenye reli ile nyingine?" Ziweke kamba mbili fupi pamoja. Tofauti yake ni milimita 67, haifiki hata upana wa kiganja cha mtu mzima. Kwa macho ni kitu kile kile. Kwa gurudumu, hizo ni dunia mbili. Kila gurudumu la treni lina ukingo upande wa ndani, unaolizuia lisitoke nje ya reli, na magurudumu mawili yamekazwa kwenye ekseli moja, hayasogeleani wala hayaachani. Ekseli ya TAZARA ukiiweka kwenye Reli ya Kati, kingo zake zitaangukia juu ya reli na si ndani. Ndiyo maana kule Kidatu, mkoani Morogoro, mahali reli hizi mbili zinapokutana, mzigo wa kontena hushushwa kwenye behewa la huku na kupandishwa kwenye behewa la kule. Milimita 67 hizo hizo.

Na kwa nini waliozijenga hawakukubaliana? Hawakuwahi kukaa meza moja. Mjerumani alitumia mita moja, kipimo ambacho Mwingereza naye alikuwa amekitumia kwenye reli ya Mombasa kwenda Kisumu, na ndiyo maana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza iliwezekana kuunganisha Voi na Moshi. TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ilikusudiwa kufika Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilomita 1860 kutoka Dar es Salaam, na reli za Zambia na nchi za kusini yake ni za 1067. Ilibidi ifanane na zile za mbele, si zile za nyuma. SGR nayo imefuata kipimo kinachotumika sehemu kubwa ya dunia. Kwa mtoto wa miaka sita nilifupisha hivi: kila mmoja alishona kiatu kwa mguu wa ndugu yake wa mbali, hakutazama mguu wa jirani.

Sasa tahadhari, na hapa naongea kama mtu wa kazini, si kama mjomba. Kamba hizi ni za nyumbani na za jukwaani. Hatushuki relini kupima, hata kama njia inaonekana imekufa, hata kama kuna watu wanakatiza hapo na mikokoteni. Chuma juu ya chuma kina msuguano mdogo mno. Ndiyo siri ya treni kuvuta mzigo mkubwa kwa nguvu kidogo, na ndiyo sababu dereva akikuona na kushika breki, treni ya mizigo iliyo kwenye mwendo inaweza kwenda kilomita nzima ndipo isimame. Kwenye SGR juu kuna umeme wa volti 25,000. Mtoto mweleze sababu badala ya kumpigia kelele, utashangaa anavyokuwa mkali kuliko askari. Wangu siku hizi ananishika shati mimi nikisogelea mstari wa jukwaani.

Basi, mnakwenda wapi? Mimi ningeanza na stesheni ya TAZARA, pale Barabara ya Nyerere. Ukumbi wake ni mkubwa, una kimya fulani siku ambayo hakuna treni ya safari, na mtoto anaweza kukimbia bila kumkanyaga mtu. Waulize wafanyakazi kwa adabu kama mnaweza kusogea jukwaani, na muombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Siku ambayo treni ya Zambia inaondoka pana mambo: magunia, madumu, mikeka, kina mama wanaagana mara tatu tatu. Kwa mtoto hiyo ni sinema.

Kupanda kwa mara ya kwanza, treni ya mjini inatosha kabisa, ile ambayo watu wa Dar waliibatiza treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri aliyekuwa na wizara ya uchukuzi ilipoanza mwaka 2012. Ratiba yake ni ya wafanyakazi, asubuhi na jioni, kwa hiyo nenda kinyume cha umati kama unaweza, wao wakiingia mjini ninyi mnatoka. Ubaya wake ni joto. Uzuri wake ni kwamba inasema. Reli zilizounganishwa vipande kwa vipande zina mwanya mdogo kila kiungo, ili chuma kikitanuka kwa jua kipate pa kwenda, na gurudumu likipita kwenye mwanya linagonga: taka-taka, taka-taka. Mpwa wangu alipopanda SGR kwa mara ya pili, macho yakiwa wazi, alilalamika kwamba treni ni bubu. Hakukosea. Reli za SGR zimechomelewa zikawa kitu kimoja kirefu. Chuma bado kinataka kutanuka, lakini vishikizo, mataruma mazito ya zege na kokoto vimekibana hakina pa kwenda, kwa hiyo nguvu hiyo inabaki ndani ya reli yenyewe. Nikiwa na muda nitaandika siku moja kuhusu saa nane mchana za Dodoma na nguvu hiyo, maana ndiyo inayoninyima usingizi.

Safari ya SGR kwa mtoto mdogo iishie Morogoro. Ni kama kilomita 192, takriban saa mbili, na mnarudi siku hiyo hiyo. Fika stesheni mapema, kuna ukaguzi wa mizigo kama wa uwanja wa ndege, na beba kitambulisho. Mkielekea Morogoro kaeni upande wa kushoto, milima ya Uluguru ikianza kuonekana itakuwa dirishani kwenu. Mkibahatika kupata treni ya mchongoko, ile yenye pua iliyochongoka, mwambie mtoto atafute kichwa chake. Hakipo. Mota zimegawanywa chini ya mabehewa, treni nzima inajisukuma. Wangu alibisha mpaka Ruvu.

Njiani mpe kazi. Zipo nguzo zenye namba za kilomita. Tumia simu kuhesabu sekunde kutoka nguzo moja hadi inayofuata, kisha gawanya 3600 kwa sekunde hizo, unapata mwendo kwa saa. Sekunde 36 ni kilomita 100. Sekunde zikikaribia 22 mmefika 160, kasi ambayo njia hii imesanifiwa. Mtoto ambaye bado hajui kugawanya anaweza kuhesabu sekunde kwa sauti, na behewa zima litamsaidia, mtake msitake.

Babu yake tulipanda naye safari hiyo. Yeye hadi leo anasema gari moshi. Mtoto akamuuliza, "Babu, moshi uko wapi?" Mzee akatazama nje, akatazama paa, akasema ameuacha Reli ya Kati.

Kwa watoto wakubwa kidogo, kuanzia miaka kumi hivi, ningewapeleka Mang'ula kwa TAZARA, kwenye lango la hifadhi ya Milima ya Udzungwa, wakaone maporomoko ya Sanje. Njia hiyo inapita kwenye mbuga, na mchana unaweza kuona tembo au twiga kutoka dirishani. Lakini beba subira pamoja na chakula. Ratiba ya treni hizo ni ahadi ya mtu mzima kwa mtoto: atatimiza, ila usimuulize lini.

Siku za mvua tunabaki nyumbani na bado tuko kwenye treni. Chukua vikombe viwili vya plastiki vyembamba chini na vipana juu, vigundishe kwa selotepu mdomo kwa mdomo. Weka fimbo mbili zilizolala sambamba, ziinue upande mmoja, kisha viringisha vikombe juu yake. Vitayumba kidogo, vitajirudi, vitashuka katikati mpaka mwisho. Sasa vigundishe kinyume, kitako kwa kitako, uone vinavyoanguka. Gurudumu la treni lina umbo hilo la kwanza: upande wa ndani ni mnene kidogo kuliko wa nje. Treni ikisogea kulia, gurudumu la kulia linakanyagia sehemu yake nene na la kushoto sehemu yake nyembamba, kwa kuwa yanazunguka pamoja la kulia linakwenda mbali zaidi, na ekseli inajirudisha katikati. Watu wengi wanadhani ule ukingo ndio unaoiongoza treni. Ukingo ni wa dharura tu. Nilifanya kazi hii miaka kadhaa kabla ya kuielewa vizuri hivyo, na nilieleweshwa na vikombe kama hivi, si na kitabu.

Jingine ni bakuli mbili, moja ya gololi na moja ya kokoto. Bonyeza rula ikae katikati, halafu isukume kwa kidole. Kwenye gololi inateleza, kwenye kokoto inagoma. Ndiyo maana njia hatuwekei mawe laini ya mtoni. Tunataka mawe yaliyovunjwa, yenye pembe, yanayoshikana, yanayopitisha maji na kusambaza uzito kutoka kwenye taruma hadi ardhini. Mpwa wangu sasa akipita kwenye ujenzi wa nyumba anakagua kokoto za watu na kutoa hukumu.

Mwezi ujao ameomba twende Kidatu akaone kontena linahama. Nimemwahidi, ila kwanza nikate kamba nyingine ya 1435. Ile ya awali bibi yake ameifunga koridoni, anaanikia soksi, na kila anayetaka kupita sasa lazima ainame na aoneshe tiketi.