Bima ya moto si bima ya mafuriko

Wengi wetu hapa Mwanza tunaamini kwamba ukishakata bima ya nyumba, janga lolote litalipwa. Si kweli. Bima nyingi za nyumba msingi wake ni moto na radi. Mafuriko, dhoruba na tetemeko la ardhi mara nyingi huongezwa kwa kulipia zaidi, na lazima yaandikwe kwenye mkataba. Kwa mtu wa Mabatini, jirani na Mto Mirongo, mstari huo mmoja ndio bima yenyewe.

Hata yakiandikwa, angalia kiasi. Nyumba ya shilingi milioni 80 ukiikatia bima ya milioni 40 ili ada ipungue, umeikinga nusu. Mafuriko yakibomoa ukuta na kuleta hasara ya milioni 10, kampuni inaweza kulipa milioni 5 tu, yaani nusu ya hasara, ingawa hujafika kikomo cha milioni 40. Hili linaniuma sana, maana watu hulijua wakiwa tayari kwenye matope.

Unyevu unaopanda ukutani polepole kwa kawaida haulipwi. Bima hutaka tukio la ghafla. Maji yakiingia, piga picha kabla ya kuzoa tope, kisha toa taarifa siku hiyohiyo. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Msipoelewana, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.