Mikoko ni nini hasa? Sio mti mmoja

Watu wengi ukiwatajia mikoko wanaona picha moja tu, mti uliosimama juu ya mizizi mirefu iliyopinda, maji ya chumvi chini yake, basi wanajua huo ndo mkoko na habari imeisha. Mti huo kweli upo, kitaalamu unaitwa Rhizophora mucronata, lakini tukisema mikoko kwa maana ya msitu tunazungumzia miti ya aina mbalimbali ambayo mingi haina hata undugu wa karibu, kilichoikutanisha ni kwamba yote imeweza kuishi pale bahari inapojaa na kupwa. Kenya wanahesabu aina 9, Tanzania 10, na kila aina ina jina lake kwa wavuvi na wakata miti: mkoko wenyewe, mchu, mlilana, mkandaa, muia ambao wengine wanauita msinzi, mkomafi, msikundazi na kadhalika.

Sasa mti unaishije pale? Tope la mikokoni ukilifukua linanuka vibaya sana kwa sababu ndani yake karibu hamna oksijeni, mizizi ya mti wa kawaida ingeoza tu. Kwaio kila aina imejitafutia njia ya kupumua. Mkoko unashusha mizizi kutoka kwenye shina na matawi, ile sehemu iliyo juu ya maji ina vitundu vidogo vya kupitisha hewa. Muia mizizi yake inatoka juu ya tope, inapinda goti halafu inarudi chini. Mchu ndo unanifurahisha zaidi, unatandaza mizizi chini ya tope na kuchomoza juu vijiti vingi vyembamba kama penseli, mti mmoja unaweza kuzungukwa navyo maelfu, ukitembea peku pale lazima uangalie unakanyaga wapi.

Na chumvi je? Mkoko unaizuia mlangoni, sehemu kubwa inachujwa kwenye mizizi isiingie kabisa. Mchu wenyewe unaacha nyingine inaingia halafu unaitolea kwenye majani, chukua jani lake siku ya jua kali uligeuzegeuze utaona punje ndogo nyeupe, ulambe, chumvi tupu.

Alafu kuna suala la uzazi. Mbegu ya mkoko haisubiri kuanguka ndo iote, inaotea hukohuko juu mtini ikiwa bado imeshikana na mama yake, inarefuka inakua kijiti cha kijani ambacho kinaweza kupita nusu mita, kikikomaa kinadondoka. Maji yakiwa yamekupwa kinaweza kujichoma kwenye tope palepale, yakiwa yamejaa kinaelea na kwenda kutafuta pahali pengine pa kuishi.

Lakini hayo yote ndo kwanza mkoko unaalika maua, kitu ambacho mi naona watu wanakiruka ni mpangilio. Miti hii haikujichanganya ovyo, kila mmoja una pahali pake kulingana na maji yanafika mara ngapi. Mlilana unakaa mbele kabisa ukitazama bahari na unafunikwa na maji karibu kila yanapojaa. Nyuma yake unakuta mkoko kwenye tope laini, kisha muia, kisha mkandaa kwenye ardhi ngumu kidogo, na mwisho huku juu unakuta mchu, mifupi, mahali ambapo maji yanafika wakati wa bamvua tu, yaani bahari inapojaa sana kuliko kawaida. Mkomafi na msikundazi wanapenda upande ambao maji ya mto yanapunguza chumvi. Sio kila ufukwe unafuata hivi neno kwa neno, ila wakata boriti wa zamani ukimtajia mmoja wao aina ya mti alikua anakuambia uende upande gani kuutafuta.

Na matumizi nayo yamegawanyika vilevile. Mkoko, muia na mkandaa ndo miti ya kujengea, inapangwa kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila saizi na kazi yake. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe ukiingia utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba, sababu kubwa ni kwamba dari linabebwa na boriti na boriti ina urefu wake, mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Boriti hizo zilipakiwa majahazini zikaenda na upepo wa kusi mpaka Arabuni na Ghuba kwa karne nyingi, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Mlilana unatoa mataruma, yaani mbavu za vyombo vya baharini, kwa sababu matawi yake yamepinda yenyewe, msikundazi milingoti, mkomafi samani, gome la mkandaa rangi na dawa ya kutengenezea ngozi za wanyama. Kuni za mikoko zinawaka kwa moto mkali, ndo zilikua zinachomea chokaa. Na hapo sijagusa kaa, kamba, chaza walioganda kwenye mizizi, na asali.

Msitu mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki uko delta ya Rufiji, hekta kama 53,000, na Kenya zaidi ya nusu ya mikoko yote iko Lamu. Kule Gazi kusini mwa Mombasa wanakijiji wana mradi wa Mikoko Pamoja, tangu 2013 wanauza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na msitu wao, yaani wanalipwa ili msitu usimame na uendelee kuihifadhi, na pesa zinaingia kwenye maji na shule. Kaboni yenyewe nyingi haiko kwenye mbao, iko chini topeni, kwaio ukikata miti na tope likafukuliwa umeachia hewani kaboni iliyokaa humo miaka mingi sana.

Ndo maana zile shughuli za kupanda miche elfu kadhaa kwa siku moja zinaniumiza zikifanywa bila kuuliza. Mara nyingi inapandwa mkoko peke yake kwa sababu mbegu zake ni rahisi kuokota, inachomekwa mbele kabisa pahali pa mlilana, mawimbi yanaing'oa yote. Kwanza tazama kama maji bado yanaingia na kutoka, kama mkondo umezibwa na barabara au mchanga uzibue, mara nyingi mbegu zitakuja zenyewe. Ukiona ni lazima upande, okota zile zilizotoka pete ya njano shingoni maana hizo ndo zimekomaa, na uchomeke ile ncha iliyochongoka chini.