Safari ya kuzamia na kulala baharini Tanga: maandalizi yaanzie siku ya kurudi nyumbani

Ukimwambia mzee wa Ngamiani, mjini Tanga, kwamba kijana wake amekuwa mzamiaji, huenda akashtuka, kwa kuwa katika lugha ya bandarini mzamiaji ni yule anayejificha ndani ya meli ili afike Ulaya bila tiketi. Makala haya yanamhusu mzamiaji wa namna nyingine, yule anayeshuka chini ya maji akiwa na mtungi wa hewa mgongoni ili aone matumbawe, na hasa yule anayekusudia kufanya hivyo pamoja na kikundi kitakacholala botini usiku mmoja au miwili katika maji ya Tanga, Pangani au mkondo wa Pemba.

Vikundi vingi huanza maandalizi kwa vifaa, kisha chakula, kisha nauli. Sisi tunaotoa elimu ya usalama wa uzamiaji hupendelea kuanza na swali ambalo kwa kulisikia tu huonekana halihusiani na bahari: mkishashuka botini, mtalala wapi? Kikundi kilichotoka Arusha, kikazamia Jumamosi na Jumapili, kisha kikapanda basi Jumapili hiyo hiyo jioni ili kila mtu awahi kazini Jumatatu, kilikosea tangu siku kilipopanga ratiba, na kosa hilo halirekebishwi na ubora wa vifaa wala ustadi wa nahodha.

Sababu yake iko katika hewa tunayovuta. Mtu akiwa juu ya maji hubanwa na uzito wa hewa peke yake. Akishuka mita 10 mkandamizo huwa mara mbili, mita 20 mara tatu, mita 30 mara nne. Kadiri mkandamizo unavyoongezeka, ndivyo naitrojeni iliyomo katika hewa ya mtungi inavyoyeyuka na kuingia katika damu, misuli na mafuta ya mwili. Akipanda polepole, asizidi mita 9 kwa dakika, na akasimama dakika tatu kwenye kina cha mita 5 kabla ya kutokeza, naitrojeni nyingi hutoka kwa njia ya mapafu bila madhara. Akipanda kwa pupa, naitrojeni hiyo hujitenga ikawa viputo mwilini, na viputo hivyo ndivyo vinavyoleta ugonjwa. Aliyewahi kufungua chupa ya tembo la mnazi iliyozibwa tangu asubuhi ameiona hali hiyo kwa macho yake.

Mzamiaji wa siku moja huzamia mara moja au mbili akaenda zake. Anayelala botini huzamia alfajiri, kabla ya adhuhuri, alasiri, na pengine usiku kwa tochi, na kesho yake akarudia, hivyo naitrojeni ya mzamio wa kwanza haijaisha mwilini pale anapoanza wa pili. Ni kama deni la dukani linaloandikwa juu ya deni. Kwa hiyo mzamio wenye kina kirefu kuliko yote uwe wa kwanza wa siku, mapumziko juu ya maji yasipungue saa moja, na kila mmoja avae kompyuta yake ya kuzamia mwenyewe, yaani kifaa kinachofuatilia kina na muda na kukadiria naitrojeni iliyomo mwilini, tangu mzamio wa kwanza hadi wa mwisho. Kuazimana kompyuta katikati ya safari ni kosa, kwa kuwa itakuwa inahesabu deni la mtu mwingine.

Sasa turudi kwenye basi la jioni. Tanga iko usawa wa bahari. Arusha na Lushoto ziko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, ambako mkandamizo wa hewa ni takriban asilimia 85 ya ule wa pwani, hivyo kupanda huko ni kama kuendelea kupanda kutoka majini: naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kujitenga ikawa viputo. Mwongozo uliotolewa na Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, unamtaka aliyezamia mara moja bila kuhitaji vituo vya lazima (kusimama njiani wakati wa kupanda ili naitrojeni itoke) asubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, na aliyezamia mara nyingi au siku kadhaa mfululizo asubiri angalau saa 18; waliolazimika kufanya vituo vya lazima wasubiri muda mrefu zaidi. Mwongozo huo uliandikwa kwa ajili ya ndege, lakini vimo unavyovihusu ni vya kati ya mita 600 na 2,400, na mwili haujui kama umepandishwa na rubani au na dereva wa kosta. Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto hupandisha abiria karibu mita elfu moja kwa muda mfupi mno. Hata matembezi ya msitu wa Amani, katika milima ya Usambara, ambayo wageni wengi huyapachika siku ya mwisho kwa kuwa ni karibu, hufika kimo cha mita 900 hivi. Kikundi cha Arusha kinaweza kuzamia Ijumaa, kikamaliza mzamio wa mwisho Jumamosi kabla ya saa 6 mchana, kikalala mjini Tanga na kuondoka Jumapili. Kikisubiri saa 24 kamili ni bora zaidi. Anayerudi Dar es Salaam kwa gari hana mlima wa kuogopa, ila akate tiketi ya ndege kwa hesabu ile ile ya saa.

Ninalikazia jambo hili kwa sababu dalili za ugonjwa wa viputo zinajua kujificha. Maumivu ya bega au kiwiko, ganzi, ngozi kuwasha, kizunguzungu, uchovu uliopita kiasi: mtu akizipata usiku akiwa Moshi au Arusha, atadhani ni malaria au ni kukaa vibaya garini, na atameza dawa ya maumivu akalala. Aliyezamia ndani ya saa 24 zilizopita na akajisikia hivyo amwambie daktari, kabla ya jambo lingine lolote, kwamba alikuwa anazamia.

Huduma ya kwanza ya ugonjwa huo ni oksijeni safi, na hapa hesabu rahisi hufichua upungufu wa boti nyingi. Mgonjwa anayepewa lita 15 kwa dakika humaliza mtungi wa lita 10 uliojazwa hadi bari 200 (bari ni kipimo cha mkandamizo), yaani lita 2,000, kwa saa mbili na dakika kumi hivi. Kama mmetia nanga mahali ambapo ni mwendo wa saa nne hadi bandarini, mtungi mmoja hautoshi hata kwa mgonjwa mmoja. Mwenye boti aulizwe kabla ya malipo: oksijeni ipo kiasi gani, nani amefundishwa kuitumia, na mgonjwa atapelekwa kwenye chumba gani cha mkandamizo, yaani cha kutibia ugonjwa huo kwa hewa iliyobanwa, kilicho katika hali ya kufanya kazi wiki hiyo. Chumba hicho msitegemee kukikuta mjini Tanga. Mwenye boti akijibu kwa kucheka kwamba hajawahi kupata ajali, tafuteni boti nyingine.

Hewa ya kuzamia nayo ina hesabu yake. Mtungi wa lita 12 wenye bari 200 una lita 2,400. Ukiacha bari 50 za akiba, zinabaki lita 1,800. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu atavuta 60 akiwa mita 20, na hewa hiyo itamtosha nusu saa. Idadi ya mitungi ya kikundi ipigwe kwa hesabu hii, na kama boti ina mashine ya kujazia, mdomo wake wa kuvutia hewa uwekwe mbali na moshi wa injini, upande upepo unakotokea. Hewa inayonuka mafuta isivutwe hata kidogo, ijapokuwa gesi ya kaboni monoksidi, iliyo hatari zaidi, yenyewe haina harufu.

Kuhusu afya sitarefusha. Mwenye pumu, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au kifafa amwone daktari wiki kadhaa kabla, mjamzito asizamie, mwenye mafua asilazimishe masikio. Dawa ya kuzuia kichefuchefu ijaribiwe kwanza nchi kavu, kwa kuwa baadhi yake huleta usingizi. Aliyefunga Ramadhani akumbuke kwamba upungufu wa maji mwilini humwongezea hatari, na kwa maoni yangu ni heri safari ingoje Idi.

Hali ya bahari inahitaji kuzungumzwa na wenyeji. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usomwe kila siku katika juma la safari, lakini nahodha aliyekulia Sahare au Kigombe atawaeleza mambo mawili ambayo mgeni hayasomi humo. La kwanza ni kwamba mkondo mkuu wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi upepo na mkondo hufuatana na kumsukuma mzamiaji mbali upesi, ilhali wakati wa kaskazi upepo hupingana na mkondo, na kwenye maji ya nje bahari huinuka mawimbi mafupi yenye kuchosha. La pili ni bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji hujaa na kupwa kwa nguvu, na mikondo kwenye milango ya miamba huwa mikali. Kikundi chenye wanagenzi kipange safari wakati wa maji mafu, karibu na tarehe 7 au 8 na 22 au 23 za mwezi mwandamo. Hapo ndipo mzamio wa usiku pia hufaa.

Wapo wanaopendekeza kwamba badala ya kulala botini watu walale kwenye fungu la Maziwe, mbele ya Pangani. Kisiwa hicho zamani kilikuwa na mivinje, lakini miti yote ilikwisha na kilichobaki ni mchanga ambao maji makubwa ya bamvua huufunika karibu wote. Ni mahali pa kasa na ndege, na ni hifadhi yenye masharti yake. Si mahali pa kutandika mkeka usiku.

Kulala botini kwenyewe ndiko kunakosahaulika zaidi katika maandalizi, labda kwa kuwa kulala hakufundishwi katika kozi ya kuzamia. Alfajiri ya tarehe 2 Septemba 2019, boti ya wazamiaji iitwayo Conception iliungua ikiwa imetia nanga katika pwani ya California, Marekani, na watu 34 waliokuwa chini ya sitaha wakafariki. Chanzo cha moto hakikuthibitishwa, lakini wachunguzi walibaini kwamba hapakuwa na mtu wa zamu aliyekuwa macho akizunguka chomboni, na kwamba njia zote mbili za kutokea chumba cha kulala ziliishia katika ukumbi mmoja, uliokuwa tayari unawaka. Kikundi kinachokagua boti Raskazone mchana kitembee njia zote mbili kwa miguu yake, tena gizani taa zikiwa zimezimwa, na kihakikishe kwamba zinatokea mahali tofauti. Betri za tochi, kamera na simu zichajiwe mchana mbele ya macho ya watu. Zamu za usiku ziandikwe kwa majina na saa, mabaharia wakiwa wa kwanza kuwajibika, na wa zamu achunguze moto, nanga, maji ya ndani na taa ya nanga, kwani ghuba ya Tanga hupitiwa na meli kubwa pamoja na ngalawa zisizo na taa.

Wakati watu wako chini ya maji, mchana boti ioneshe bendera ya Alfa, nyeupe na buluu, na usiku taa tatu za wima, nyekundu, nyeupe na nyekundu. Kabla ya nanga kung'olewa, watu waitwe mmoja mmoja kwa jina na kila mmoja aitike mwenyewe. Kuhesabu vichwa hakutoshi. Januari 1998, katika Great Barrier Reef nchini Australia, boti iliwaacha wazamiaji wawili baharini, na kutokuwepo kwao kuligundulika baada ya siku mbili, hawakuonekana tena. Katika kikundi kila mmoja hudhani mwenzake amekwisha kuangalia, na ndiyo maana daftari la majina liwe na mshikaji mmoja anayejulikana kwa wote.

Ipo pia tamaa ya kina. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanga walipoanza kunasa silikanti, samaki wa kale, katika nyavu za jarife, na hasa baada ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti kuanzishwa mwaka 2009, kila kikundi huwa na mtu anayetaka kumwona samaki huyo. Silikanti huishi katika mapango ya kina kirefu, kwa kawaida zaidi ya mita 100, na mpaka wa uzamiaji wa burudani ni mita 40. Mwenye cheti cha mwanzo mpaka wake ni mita 18. Kiongozi aliseme hili bandarini ili lisibishaniwe botini. Kinachoweza kukutwa kwenye kina cha kawaida ni nyavu zilizotelekezwa, kwa hiyo kila jozi iwe na kisu. Ukisikia mlipuko wa baruti ya uvuvi haramu ukiwa chini, hata wa mbali, mpe mwenzako ishara na mpande kwa mwendo wa kawaida.

Mwisho, karatasi. Vibali vya hifadhi na cheti cha ukaguzi wa chombo kutoka TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, vionekane kwa macho, redio ijaribiwe katika chaneli 16, ambayo ni ya dharura, na majaketi okozi yavaliwe mara moja kabla ya kuondoka ili ijulikane kama yanawatosha wote. Kisha nakala ya orodha ya majina, namba za ndugu, mahali pa kutia nanga kila usiku na saa ya kurudi iachwe kwa mtu mmoja wa nchi kavu anayeaminika. Karatasi hiyo iandikwe wazi saa ambayo, asipokuwa amepata habari zenu, atapiga simu ya dharura 112 bila kusubiri kumuuliza mtu mwingine.