Pepopunda kwa mtoto wa punda: sindano peke yake haitoshi

Ndugu zangu wafugaji wa Lamu na visiwa vyote jirani, leo mimi daktari wenu wa mifugo nataka tuongee kuhusu pepopunda. Jina lenyewe lina punda ndani yake alafu bado wengi tunadhani ni ugonjwa wa watu tu, wa kina mama na watoto wachanga, kumbe punda na farasi ni kati ya wanyama wanaoumizwa nao zaidi, ng'ombe akichomwa na msumari uleule anaweza kupita salama na punda akafa.

Bakteria wake, Clostridium tetani, wanakaa kwenye udongo na mavi ya wanyama miaka na miaka, na wanapenda kidonda chembamba kilichozama ndani kisichopata hewa, humo wanatoa sumu inayokakamaza misuli. Kwa iyo lile jeraha kubwa la ubavuni linalotisha watu si ndio la kuogopa zaidi, ni katundu ka msumari chini ya kwato, au kitovu cha mtoto wa punda aliyezaliwa jana usiku kikalala kwenye mavi bila kupakwa ayodini.

Kuna punda mmoja wa miezi kama 9 niliitwa kumwona, hajaanza kazi kabisa, alikuwa anamfuata tu mamake anayebeba mchanga kwenye ujenzi. Alikanyaga msumari, mzee mwenye punda akaung'oa akamwagia oili chafu ya injini pale kwenye tundu, ikaonekana yameisha. Wiki 2 baadaye punda anatembea kama meza, miguu minne imekakamaa, masikio yamesimama wima, mkia umenyanyuka haushuki, pumba anaitia mdomoni inamwagika manake taya halifunguki. Mzee akaniambia, "Dokta, huyu ashashikwa na kitu." Mtoto mmoja akaangusha sufuria pale nje na mimi nikaona ile ngozi nyeupe ya pembeni ya jicho ikaruka ikafunika karibu nusu ya jicho. Ukiiona hiyo usipoteze muda kutafuta mganga, piga simu kwa daktari saa ileile.

Tulifungua tundu tukaliosha vizuri, tukampa penisilini, dawa ya kuzima sumu na ya kulegeza misuli. Lakini sumu iliyoshaingia kwenye mishipa ya fahamu hakuna sindano inayoitoa, inabidi mwili wenyewe uimalize taratibu, na hiyo ni wiki kadhaa ambazo kila kelele, kila mwanga wa ghafla, kila mkono asioujua unamkakamaza upya. Hofu inamuua huyu mnyama, sisemi kwa mfano, ni kweli kabisa. Wengi hufa, na mimi nimewazika kadhaa ambao dawa walipata ila utulivu hawakupata.

Kwa iyo tukamweka kwenye stoo ya makuti, dirisha likazibwa na gunia, chini mchanga mwingi mlaini, pamba masikioni, mamake akafungwa nyuma ya ukuta ule ule ili amnuse na amsikie, manake punda akitenganishwa na mwenzake anaacha kula kwa huzuni, na punda akikaa bila kula siku 2 au 3 mafuta ya mwili yanamwagika kwenye damu na hayo peke yake yanaweza kummaliza.

Alafu tukachagua mtu mmoja tu wa kuingia, mjukuu wa mzee, kijana wa miaka 13. Nilimwambia, mwanangu, kabla hujafungua mlango ongea, sauti ileile ya chini kila siku, usije kwa mbele wala kwa nyuma, njoo ubavuni, mkono uanzie pale shingo inapokutana na mgongo umkune hapo, akikaza mwili simama usimlazimishe, ngoja. Na kila nilipokuja na sindano yeye alitoka nje, sikutaka punda aunganishe mkono wake na maumivu, hasira zote abaki nazo kwangu.

Siku 4 za kwanza tulimlisha kwa mpira kupitia puani. Ndoo ya pumba tuliyoilowesha mpaka ikawa uji tuliining'iniza usawa wa kifua manake shingo haikuweza kuinama, na kijana alikuwa anachovya vidole anampaka mdomoni, asubuhi na jioni, bila kuchoka. Siku ya 5 punda akavuta uji mwenyewe kwa midomo, fyoo, na yule kijana akalia kimyakimya ili asimshtue. Wiki ya 3 masikio yakaanza kulegea, ya 6 akatoka kutembea ufukoni na mamake.

Sasa sikilizeni, kuugua pepopunda hakumkingi mnyama na pepopunda ya pili, kwa iyo hata aliyepona anahitaji chanjo, sindano mbili zilizopishana wiki 4 hadi 6, alafu za kuendeleza kadiri daktari atakavyokupangia. Na kidonda cha kwato osheni kwa maji safi na dawa, oili ya injini iacheni kwenye injini.

Huyu wetu nilimdunga yake ya kwanza mwezi ule ule. Aliponiona tu mlangoni akageuza kichwa ukutani, kijana akasimama nje mpaka nimalize, alafu akaongea kwanza ndio akaingia na ndoo.