Swali la ghorofa ya tatu

Msailiwa wa kazi ya mitandao akiweka cheti chake cha CCNA, kile cha msingi cha kampuni ya Cisco, juu kabisa ya bahasha, mimi hukipitia kwa jicho moja tu. Si dharau. Cheti kimeshamaliza kazi yake: kimemchomoa kwenye rundo la maombi na kumkalisha kwenye kiti. Baada ya hapo namuuliza swali lilelile nililowauliza waliomtangulia. "Simu imelia. Mtu wa uhasibu, ghorofa ya tatu, anasema intaneti haipo. Anza."

Wengi huanza kutoa majibu. Mmoja atasema kompyuta izimwe na kuwashwa, mwingine atanipandisha tabaka zote saba za OSI, ule mchoro wa kufundishia mtandao, kuanzia waya hadi programu, kama mtoto anayeghani shairi mbele ya mgeni rasmi. Ninayemsubiri ni yule atakayeniuliza mimi. Ni yeye peke yake au na jirani zake? Jana alikuwa sawa? Amehama meza? Nikimjibu kwamba jirani zake wanafanya kazi kama kawaida, basi ruta, fayawoli na laini ya mtoa huduma vimeshatoka kwenye kesi. Tumebaki na kompyuta moja, waya mmoja na tundu moja la swichi.

Sitoi nisichoulizwa. Akitaka kujua anwani ya IP ya yule mhasibu, namwambia inaanza na 169.254. Aliyewahi kushika mtandao halisi hutabasamu hapo, maana hiyo ni anwani ambayo kompyuta hujipa yenyewe ikiita DHCP, huduma inayogawa anwani, isijibiwe. Kwa hiyo swali limehama: kwa nini haikujibiwa? Akiomba kuangalia swichi, namfunulia kwamba tundu lile liko VLAN 1, wakati uhasibu wote wako VLAN 30 (VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi ileile). Mtu wetu alihamia meza ya dirishani, akachomeka waya kwenye tundu ambalo hakuna aliyewahi kulipanga. Ombi la DHCP hutangazwa kwa wote waliomo ndani ya VLAN, halivuki nje mpaka ruta ilipokee na kulipeleka kwa seva, na kwenye VLAN 1 hatukuweka mpangilio huo. Anayejua kuuliza hufika hapa kwa dakika chache tu, akiwa ameketi kwenye kiti chake.

Mwenye CCNP, cheti cha ngazi ya juu ya CCNA, namkazia. Tawi la Mwanza limeunganishwa na makao makuu Dar es Salaam kwa handaki la GRE, yaani kila pakiti hufungwa ndani ya pakiti nyingine. Pingi, zile pakiti za kujaribu njia, zinapita bila shida, mfumo unakubali nywila, ila ukifungua ripoti kubwa unaganda. Jibu ninalolipata mara nyingi ni kwamba laini ni ndogo, waongezewe Mbps. Hilo ni jibu la muuzaji. GRE hula baiti 24 katika kila pakiti, kwa hiyo kwenye njia ya baiti 1500 mzigo unabaki na nafasi ya 1476. Seva inatuma pakiti ya 1500 ikiwa na alama ya kukataza kukatwa vipande, ruta inaitupa na kurudisha ujumbe wa ICMP, itifaki ya kupeana taarifa za hitilafu, kusema imezidi kipimo. Kisha fayawoli ya mtu fulani mwenye bidii inazuia ICMP yote isipokuwa pingi "kwa usalama". Seva haipati habari, inaendelea kutuma pakiti ileile. Pingi ya kawaida ni ndogo, ndiyo maana inapita na kutudanganya. Msailiwa akiniambia, "Nipige pingi ya baiti 1500 yenye katazo la kukatwa," namwekea alama hata kabla hajafika kwenye tiba, ambayo ni kushusha MSS ya TCP, yaani kiasi cha juu cha data katika kila pakiti, hadi 1436.

Kuna wasaili wenzangu wanaopenda kuuliza namba, hasa uzito ambao ruta huipa kila itifaki inayoifundisha njia, ule mdogo ukipendelewa. Uzito wa OSPF ni ngapi? Na EIGRP? 110, 90, haya, asante. Mimi sioni faida yake, maana hata majibu ya mtihani yanayovujishwa na kuuzwa mitandaoni yamejaa namba hizo. Afadhali umpe namba zenyewe uone anazitumiaje. Ruta ina njia ya mkono, iliyoandikwa na fundi, kwenda 10.1.0.0/16, na OSPF imeifundisha 10.1.1.0/24. Pakiti ya 10.1.1.5 itafuata ipi? Waliokariri watakimbilia njia ya mkono, kwa kuwa uzito wake ni 1, mdogo kuliko 110. Wamekosea. Kwanza hutazamwa njia inayolingana na anwani kwa biti nyingi zaidi, na /24 inaishinda /16. Ule uzito huamua pale tu ambapo njia mbili zinagombea anwani zilezile zenye kipimo kilekile.

Hesabu ya subneti, yaani kipande cha mtandao, nayo fanya kwa kalamu, bila simu. 10.20.30.77/27: vitalu vya 32, kwa hiyo mtandao unaanza 64 na unaishia 95. Basi.

Nilivyo mkali hivi, usaili wangu wa kwanza niliufeli vizuri kabisa. Mzee mmoja alichora ruta nne zimechomekwa kwenye swichi moja, zote zinaendesha OSPF, akaniuliza kwa nini R3 na R4 zimeishia hali ya 2-Way (zimetambuana tu) na hazifiki Full (kubadilishana taarifa zote za njia). Nikaanza kumwaga: labda MTU, ukubwa wa juu wa pakiti, hazilingani, labda muda wa hello, salamu za ruta, umetofautiana, labda nywila. Nilikuwa na orodha ndefu na nilikuwa na cheti. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kijana, na kama hakuna tatizo?" Hakukuwa na tatizo. Kwenye mtandao wa namna hiyo huchaguliwa ruta moja mkuu na moja msaidizi. Waliobaki wanafika Full na hao wawili tu, wao kwa wao wanaishia 2-Way, na ndivyo ilivyopangwa. Nilikuwa nimejizoesha kwamba kila swali la mtihani lina kosa la kutafutwa. Tena MTU nilivyoitaja! Ikipishana, ruta hukwama ExStart au Exchange, hatua za mbele ya 2-Way. Na muda wa hello ukipishana hata hiyo 2-Way huifiki. Mchoro wenyewe ulikuwa unanikana.

Kwa wanaoomba kazi kwa watoa huduma, nina swali la nyumbani. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipata hitilafu baharini, na intaneti ya Tanzania ikazorota. Tovuti iliyohifadhiwa hapahapa Dar es Salaam, ambayo pakiti zake zinabadilishwa pale TIX, kituo cha watoa huduma kubadilishana data hapa nchini, na hazina haja ya kwenda baharini, inaweza kushindwa kufunguka siku kama hiyo? Wengi hujibu haiwezi. Inaweza, kama seva za DNS, zinazotafsiri jina lake kuwa anwani, zote ziko ng'ambo: tovuti iko jirani, lakini kila ukiulizia njia, anayeijua hapatikani. Asiyejua akisema, "Hilo sijui, ila ningeanza kwa kuifungua kwa anwani ya IP badala ya jina," ameshanipa nilichokuwa nakitafuta. Anayebuni tunambaini kwa swali la pili. Vivyo hivyo kwa wasifu: ukiandika BGP, itifaki inayounganisha mitandao ya watoa huduma, utaulizwa BGP, hata kama uliiona siku moja tu kwenye video.

Mwishoni jopo litakuuliza kama una swali. Usiseme huna. Uliza zamu za usiku zinapangwaje, uliza nani huidhinisha mabadiliko kabla hayajafanywa kwenye ruta inayofanya kazi. Dada mmoja alituuliza mara ya mwisho nakala za mipangilio ya ruta zilijaribiwa lini kwa kurejeshwa, si kuhifadhiwa tu. Tukatazamana. Wiki iliyofuata tukajaribu, tukakuta ruta mbili hazina nakala kabisa.