Akaunti ya afya Marekani: kutotozwa kodi si kutoripoti

Kwenye magrupu ya ndugu zetu walioko Marekani unazunguka ujumbe kwamba ukitumia akaunti ya akiba ya afya (HSA, ya kuweka pesa za matibabu) kwa matibabu tu, huna haja ya kuitaja kwenye ritani ya kodi. Si kweli. Pesa unazotoa humo kwa matibabu hazitozwi kodi, lakini lazima ziandikwe kwenye Fomu 8889, inayoambatishwa na ritani. Hakikisha mwenyewe: kiasi kilicho kwenye kisanduku cha 1 cha Fomu 1099-SA (inayoonyesha pesa ulizotoa) huingia mstari wa 14a wa Fomu 8889, gharama za matibabu mstari wa 15.

Wengi huchanganywa na risiti za matibabu, maana hizo kweli hazitumwi, unazitunza nyumbani. Tafadhali, usiusambaze ujumbe huo. Pesa zisipoonyeshwa kuwa za tiba, zinaweza kutozwa kodi pamoja na nyongeza ya asilimia 20.